Mkanda Uliobaki Kwenye Plastiki

Wenzangu wa zahanati ya kambi, siku ile mliyonikatia keki mliniomba niandike "kidogo tu" kuhusu kazi yetu ya kumshughulikia askari aliyejeruhiwa kabla hajafika hospitali. Kidogo sijui kuandika. Nimestaafu, nina ng'ombe wawili hapa Cheptiret, na ng'ombe wawili hawamalizi siku ya mtu. Habari za vyeo mtazikuta kwenye faili, kama panya wameacha kitu. Mimi nitaandika yale ambayo faili haijui kuyasema, na moja kati ya hayo linanihusu vibaya. Liko katikati, mahali pake, na naomba msiliruke.

Nilizaliwa Langas, mtoto wa fundi wa baiskeli, na nilijiunga na jeshi nikitaka kuendesha malori. Siku ya kupangiwa kazi afisa aliangalia fomu yangu akasema, "Wafula, wewe unaandika vizuri. Enda zahanati." Tangu lini daktari akatafutwa kwa mwandiko mzuri? Lakini jeshini huulizwi, unaambiwa. Nikabeba sanduku langu nikaenda.

Kambi yetu hapa Eldoret ilikuwa na wanariadha wengi, na asubuhi zangu za kwanza zilikwisha nikikanda miundi ya watu wanaokimbia kilomita chungu nzima kwa hiari yao, jambo ambalo mpaka leo silielewi. Waliobaki waliugua ugonjwa wa Jumatatu, ule unaoanza kabla ya mbio ndefu na kupona saa ya chai. Nilidhani kazi ndiyo hiyo. Askari waliniita Daktari, nami sikuwasahihisha.

Aliyenitoa ujinga ni Sajini Chelagat, mama mfupi, mwenye sauti ambayo haikupanda hata mtu akiletwa mfupa umetokeza nje. Mwezi wangu wa kwanza alinunua gunia la viazi kutoka Burnt Forest, lumbesa, lile lililojazwa mpaka likashonewa kofia, akalivika koti la jeshi na kuliita Mgonjwa. Tulimbeba Mgonjwa kwenye matope ya Julai kutoka lango kuu hadi zahanati, watu wanne, machela moja. Ukimwangusha, mnarudi langoni kuanza upya. Jumamosi tulimmenya Mgonjwa tukamla na kabichi.

"Viazi vikiisha nitanunua vingine," Chelagat alituambia tukiwa tunatafuna. "Huyo mtoto wa wenyewe utanunua wapi?"

Jambo la pili alilonifundisha nimelirudia kwa kila darasa langu. Nilikuwa nimemweleza kwamba nikipata majeruhi nitafunga kidonda haraka halafu niite gari la hospitali. Akaniangalia kwa huruma. "Wafula, sikiza. Pale umesimama ndio hospitali. Kama huna kitu kwa mkono, hospitali yako imefungwa." Alistaafu mwaka uliofuata, akarudi kwao kulima, na sikuwahi kupata mkubwa mwingine aliyesema machache yenye maana kiasi hicho.

Vifaa vya wakati huo vilikuwa bendeji, pamba, vijiti vya kuegemeza mfupa, na mkasi ambao ungekata siagi ukilazimishwa. Damu ikitoka mguuni tuliibana kwa mikono na kuomba Mungu. Kisha ikaja mikanda. Wengi wenu mmeikuta tayari, hamjui tulivyoistaajabia. Ni mkanda mweusi wa kitambaa kigumu wenye kijiti chake: unauvisha juu kidogo ya kidonda, upande wa moyo, unavuta, unazungusha kijiti mpaka damu isimame, unakifungia kwenye ndoano yake. Askari anaweza kujifunga mwenyewe kwa mkono mmoja. Kila mtu alipewa mmoja, ukiwa ndani ya plastiki inayong'aa, na tukaambiwa kwamba sasa hakuna atakayekufa kwa damu ya mguu.

Sasa nieleze ukaguzi wa vifaa, kwa faida ya mtoto wangu atakayesoma hii bila kuwahi kuvaa buti. Siku ya ukaguzi askari hupanga mali yake juu ya kitanda kwa mistari iliyonyooka, na kila kitu kinatakiwa kionekane kama kilivyotoka stoo. Kwa hiyo kila askari mwenye akili ana miswaki miwili, mmoja wa meno na mmoja wa ukaguzi. Ana sabuni ya kuogea na sabuni ya ukaguzi. Nimewahi kumkuta mtu ana soksi za ukaguzi alizozitunza miaka mitano, hazijaingia kiatu hata mara moja. Ni mchezo, na kila mtu anaujua, na hauna madhara. Ila mkanda wa damu ulitolewa mmoja tu kwa kila askari.

Kisha kikosi chetu kikapelekwa vitani ng'ambo ya mpaka, kwenye mchanga na joto, na mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa mambo ya tiba katika kikosi chetu. Ukaguzi wa vifaa vya tiba ulikuwa wangu. Nikafika kitanda cha Koplo Mutua, Mkamba mmoja mwembamba, mdadisi, anayefungua kila redio iliyoharibika na nyingine ambazo hazijaharibika. Mkanda wake ulikuwa wazi, umekunjwa.

"Plastiki ya hii iko wapi, Koplo?"

"Nilitoa, Afande. Nilikuwa nataka kuona kama hii kijiti inazunguka."

"Na siku ya kurudisha stoo utarudisha nini? Kamba ya mbuzi?"

Watu wakacheka. Nilipenda kuwachekesha watu kwenye ukaguzi, na sasa nikikumbuka sauti yangu naona haya. Nikamwamuru anirudishie huo, achukue mwingine wenye plastiki kwenye sanduku langu, na asiufungue. Kitanda kilichofuata kilikuwa cha Askari Kosgei, kijana wa Burnt Forest, mtaratibu, aliyepanga vitu vyake kwa rula. Mkanda wake ulikuwa ndani ya plastiki, sambamba na sabuni. "Mwone Kosgei," nikawaambia wote. "Igeni Kosgei."

Wiki mbili baadaye, saa nne asubuhi, gari la mbele la msafara wetu lilikanyaga bomu lililofukiwa barabarani. Mimi nilikuwa gari la mwisho, pamoja na sanduku la dawa, kwa sababu utaratibu ulisema sanduku la dawa likae nyuma ambako ni salama. Huwezi kukimbia moja kwa moja mahali penye bomu, maana la pili huwa linakungoja wewe, kwa hivyo nilitembea juu ya alama za matairi, hatua moja baada ya nyingine, nikimsikia mtu anaita jina la Mutua.

Nilipofika, Kosgei alikuwa chini, mguu wake wa kulia umeharibika juu ya goti. Mutua alikuwa amepiga magoti kando yake na mikono yake ilikuwa myekundu mpaka viwikoni. Alikuwa na mkanda wa Kosgei mkononi, bado umo ndani ya plastiki. Vidole vilikuwa vinateleza. Alikuwa amejaribu kwa meno mpaka mdomo wake ukapasuka. Mkanda wake yeye, ule mpya niliomlazimisha kuuchukua, ulikuwa chini karibu naye, plastiki yake imetafunwa pembe moja.

"Afande, haifunguki," aliniambia, mara mbili au tatu. "Haifunguki."

Nilikata plastiki kwa mkasi, nikauvisha, nikazungusha kijiti, na damu ikasimama mara moja. Mkanda ulifanya kazi yake sawasawa. Shida ni kwamba haikubaki damu nyingi ya kusimamisha. Kosgei alinishika shati akasema anasikia baridi, katika lile joto. Helikopta ilikuja upesi kuliko tulivyozoea, na alikufa kabla hatujamwinua kumpakia.

Watu walilaumu helikopta. Helikopta haikuchelewa, na kila aliyelaumu helikopta mbele yangu alinichoma bila kujua.

Usiku huo niliandika ripoti: jeraha kubwa, damu nyingi, huduma ilitolewa. Kila neno lilikuwa kweli na yote pamoja yalikuwa uongo. Mutua alitia sahihi kama shahidi. Aliniangalia tu kwa muda, mdomo umevimba, kisha akatia sahihi, na mimi sijawahi kuangaliwa na mtu nikajiona mdogo vile.

Siku ya tatu nilishindwa kuvumilia. Nilienda kwa Meja wetu, mtu mkali aliyependa buti zing'ae, nikamwambia yote, kuanzia "kamba ya mbuzi" mpaka "igeni Kosgei". Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama nimeandika hivyo. Nikasema hapana. Akanisukumia karatasi. "Andika tena. Ukimaliza uniambie unataka kufanya nini." Adhabu niliyopata baadaye ilikuwa ndogo kuliko niliyoitaka, na imo kwenye faili kwa anayetaka kuisoma.

Nilichotaka kufanya nilikifanya asubuhi iliyofuata. Niliita kikosi kizima na kila mtu na mkanda wake. Nikapita mstari kwa mstari na mkasi, nikikata plastiki na kuzitupa kwenye ndoo. Mkuu wa stoo alikuja mbio, ameshika daftari lake kifuani.

"Daktari, unafanya nini? Hizo ni mali ya serikali! Zitarudi stoo namna gani?"

"Hazirudi," nikamwambia. "Andika nimeziharibu mimi."

"Zote?"

"Zote. Na jina langu uliandike kwa herufi kubwa."

Akamgeukia Meja. Meja alikuwa amekwisha kutoa mkanda wake mwenyewe mfukoni na kunipa nikate.

Tangu siku ile mkanda ulikaa bega la kushoto kwa kila mtu, bila plastiki, ukiwa umeshakunjwa tayari kuvishwa. Mahali pamoja kwa wote, ili ukimkuta mwenzako ameanguka usianze kumpekua mifuko kama mwizi. Unatumia mkanda wake, wako unabaki wako. Sanduku la dawa nililigawa, kila gari likapata lake. Nikaongeza mablanketi, na watu wakanicheka kwa kubeba mablanketi jangwani, lakini Kosgei alikuwa ameniambia anasikia baridi, na tangu hapo nilisoma kila nilichoweza kuhusu hilo. Mtu aliyepoteza damu hupoa hata jua likiwaka, na akipoa damu inakataa kuganda. Mfunike.

Kisha mazoezi. Nilichukua mafuta ya kupikia jikoni nikawapaka watu mikononi, nikawafunga macho kwa skafu, nikawapigia filimbi: jifunge mkono, mfunge mwenzako mguu, kaza mpaka mapigo yapotee, taja saa uliyokaza, maana hospitali lazima ijue mguu umekaa muda gani bila damu. Kila siku kabla ya chakula. Hakuna aliyesamehewa, si dereva, si fundi wa redio, si kasisi, ambaye kwa kweli alikuwa mwepesi kuliko nusu ya kikosi. Aliyenisumbua ni Otieno mpishi. Kwanza alilalamikia mafuta yake. Pili alisema jambo hili halimhusu.

"Afande, mimi ni mtu wa sufuria. Vita ni ya hao wengine."

"Bomu halitakuuliza kama wewe ni wa sufuria."

Alijifunza huku akinung'unika, na alinung'unika kwa Kiluo ili nisielewe, lakini nimekulia Langas, naelewa.

Miezi michache baadaye lori la maji lilishambuliwa kwa risasi likirudi kutoka kisimani. Ndani walikuwa wawili tu, dereva na Otieno, aliyekuwa amekwenda kuhakikisha mitungi ya jikoni inajazwa. Tulipofika, niliruka chini na mkoba wangu. Nikamkuta dereva amelazwa kivulini mwa lori, amefunikwa aproni na gunia, mkanda uko juu ya paja la kushoto, umekazwa kisawasawa. Kwenye paji la uso wake palikuwa pameandikwa saa kwa makaa ya jikoni. Otieno alikuwa amekaa kichwani pake, akimsimulia habari za mpira.

"Saa tano na dakika kumi, Afande," aliniambia. "Mguu wa kushoto. Mapigo ya mguuni hakuna. Usiguse hiyo mkanda."

Mpishi aliniambia mimi nisiguse! Nilisimama pale na mkoba wangu wote, na hapakuwa na kazi ya kufanya isipokuwa kumbeba. Nimepewa nishani kadhaa, ziko kwenye kikopo cha majani ya chai. Lakini mkiniuliza siku ya fahari kubwa maishani mwangu, ni hiyo, niliyofika nikakuta kazi imekwisha kufanywa na mtu wa sufuria. Dereva huyo anatembea mjini Eldoret mpaka leo, anachechemea kidogo na kulalamika sana.

Majeruhi wa pili alikuja, na wa tatu, na wengine. Wapo tuliowapoteza, maana kuna majeraha ambayo mkanda hauyawezi. Lakini kwa damu ya mkono na mguu, katika kikosi kile, baada ya Kosgei sikumpoteza mwingine. Nilirudishwa kambini Eldoret kufundisha, na vikosi vingine vikaanza kutuma watu wao kuona tunavyofanya. Niliwapaka mafuta wote. Nilikuwa mwalimu mkali na najua mliniita Kaza. Jina zuri, sikulichukia.

Ila kwa miaka yote hiyo nilisimulia kisa cha plastiki kama kilichotokea chenyewe. Nilisema, "Plastiki ilimuua askari." Sikusema ni amri ya nani. Mutua, ambaye siku hizi ni sajini na anawafundisha ninyi vizuri kuliko mimi, alinisikia nikisimulia hivyo zaidi ya mara moja na alinyamaza. Wiki yangu ya mwisho kazini tulikuwa tunakunja machela, akaniambia bila kuniangalia.

"Afande, mimi na wewe tulimaliza hiyo maneno zamani. Lakini yule mama hajui."

Nilikuwa nimemwona mama yake Kosgei siku ya mazishi, Burnt Forest. Alinishika mikono yote miwili akaniambia asante kwa kumshika mtoto wake mpaka mwisho. Nikasema, "Pole, Mama." Kila Desemba nilipitia pale na sukari na majani, nikanywa chai wima, nikaondoka. Alijua mimi ndiye daktari aliyekuwa na mwanawe. Zaidi ya hapo sikumwambia kitu, na nilijipa sababu nyingi, kwamba nitamfungulia kidonda, kwamba jeshi halipendi, kwamba muda umepita. Ukweli ni kwamba nilipenda alivyonishukuru.

Mwezi uliopita nilikwenda. Nilimkuta uani akichambua viazi vya mbegu. Akatoa stuli, akaleta chai, na nikamwomba akae kwanza. Nikamwambia. Sikusema "utaratibu ulikuwa". Nilisema mimi niliamuru plastiki isitolewe, nilimcheka aliyeitoa, na nilimsifu mwanawe kwa kuiacha.

Alikigeuzageuza kiazi mkononi. Malori yalikuwa yanapanda mlima kuelekea Nakuru na tuliyasikia moja moja.

"Kwa hivyo alifanya vile uliambia yeye," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Kipkosgei alikuwa anasikia maneno. Tangu akiwa mdogo."

Ndivyo walivyomwita nyumbani. Aliweka kiazi chini, akajifuta mikono kwa leso.

"Uko na hiyo kitu hapo?"

Niko nayo daima. Nikatoa mkanda mfukoni. Akakunja mkono wa sweta na kuninyooshea mkono wake. "Nionyeshe."

Nimefunga watu wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, kwenye mchanga, kwenye moshi, macho yamefungwa. Pale uani nilianza polepole kama kuruta. Nikauvisha, nikavuta, nikazungusha kijiti. "Kaza," akasema. "Usiniogope." Nikakaza mpaka mapigo ya kifundo chake yakapotea, nikafungia kijiti kwenye ndoano.

Aliuangalia mkono wake ukipauka.

"Ni haraka hivyo tu?"

"Ni haraka hivyo tu, Mama."

Machozi yalimtoka, na mimi pia, sioni sababu ya kuwaficha. Kisha akaniambia nifungue. Nikafungua. Akachukua mkanda kutoka mikononi mwangu, akaugeuza, akatazama kijiti na ndoano.

"Leta mkono yako."

Nikavua koti nikampa mkono. Akauvisha juu kabisa, karibu na bega, mahali panapotakiwa. Akavuta kwa nguvu za mtu anayekamua ng'ombe kila siku. Akazungusha kijiti mara moja, mara mbili, mara ya tatu, akiniangalia machoni, na hakuacha nilipouma meno. Akafungia. Akashika kifundo changu kwa vidole viwili kutafuta mapigo, na hayakuwapo. Halafu akaniuliza ni saa ngapi.

Nikamtajia saa, na nikamwambia, kama nilivyowaambia wanafunzi wangu wote, kwamba amefaulu.